Huduma kwa wamama wenye mimba ngumu: kipi cha kusubiri, kipi si cha kusubiri?

Mama wa Kikundi, Kadutu

Bwana asifiwe, wapendwa. Kikundi chetu cha wamama hapa Kadutu, Bukavu, kimeamua kuanza huduma ya kuwatembelea wamama wenye mimba zinazosumbua: wenye tansiyo (presha ya damu kupanda), waliopoteza mimba mara kwa mara, waliopasuliwa zamani, wasichana waliopata mimba wakiwa bado kwa wazazi, na wale ambao mimba yao ilitokana na kubakwa. Wengi wao wameacha kuja ibadani, si kwa kukosa imani, bali kwa kuchoshwa na maswali ya watu.

Tayari tunavutana juu ya mambo matatu. La kwanza ni kufunga. Kuna wanaosema mama mwenye mimba ya hatari aingie chumba cha maombi siku saba, tena aache vidonge ili aonyeshe imani yake. Wengine tunaona hapana, lakini tunakosa maneno ya kuwajibu bila kuonekana tunapinga maombi. La pili: tukifika kwa mama, tufanye nini zaidi ya kuimba na kuomba? La tatu ni pesa, maana bila pesa ziara zetu zitaishia mlangoni pa materniti.

Tunaomba wenye ujuzi watujibu kwa hatua za kufuata. Mistari ya kututia moyo tunayo.

Mkunga, Ibanda

Mama, nianze na hilo la pili, kwa sababu ndipo maisha ya watu yanapoponyokea.

Ziara ya kwanza, baada ya salamu na sala, omba kuona karatasi yake ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Tazameni pamoja vitu vinne: tarehe ya kurudi, vipimo vya tansiyo vilivyoandikwa, tarehe anayotazamiwa kuzaa, na kama ameambiwa azalie wapi. Tarehe ya kurudi iandike kwenye daftari la kikundi, kisha amua hapo hapo nani atakwenda naye siku hiyo. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara nane: kabla ya wiki ya 12, halafu wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mwenye tansiyo huonwa mara nyingi zaidi. Wamama wetu wengi huanza mwezi wa sita au wa saba, na hapo kuna milango iliyokwisha kufungwa. Mfano: aliyewahi kupata kifafa cha mimba (degedege linaloletwa na tansiyo ya mimba), daktari anaweza kumwanzishia aspirini ndogo kila siku, lakini inafaa ianze kabla ya wiki ya 20. Kumleta mapema ndiyo kazi kubwa mtakayofanya.

Kikundi kinaweza kununua kipimo cha tansiyo cha betri, lakini jifunzeni kukitumia, kwani kikitumiwa vibaya kinatisha watu bure au kinawadanganya kwamba wako salama. Mama akojoe kwanza. Akae dakika tano akiwa ameegemea, miguu chini, asiikunje. Mkono ulale mezani sawa na usawa wa moyo, na kitambaa cha kipimo kifungwe juu ya ngozi, si juu ya shati la sufu. Asiongee, nanyi msimsemeshe. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Mtu aliyetoka kupanda ngazi za Nyamugo naye msimpime papo hapo. Pimeni mara mbili, mwandike zote mbili. Ikiwa ni 140 juu ya 90 au zaidi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa ni 160 juu ya 110 au zaidi, mnaondoka naye sasa hivi, kuelekea hospitali yenye daktari wa kupasua.

Vidonge vya chuma: wengi huviacha kimya kimya kwa sababu vinafanya choo kiwe cheusi na tumbo linachafuka. Hawakuambiwa kwamba choo cheusi ni kawaida. Tena wanavimeza na chai ya asubuhi, na chai inazuia chuma kuingia mwilini. Amezee maji, chai ingoje saa moja au mbili. Ikimchafua tumbo, ameze jioni baada ya chakula. Mkitaka kumpelekea kitu, mpelekeeni sambaza (samaki wadogo), maharagi na lenga-lenga (mchicha) kuliko soda na biskuti.

Sasa dalili za hatari. Zikaririni kama mnavyokariri zaburi: damu yoyote ukeni, kichwa kinachouma sana bila kuacha, macho kuona giza au nyota-nyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, homa, maji kutoka kabla ya uchungu, kutapika hadi maji hayakai, na baada ya wiki ya 28, mtoto kucheza kidogo kuliko alivyozoea. Hapo hakuna kikao wala kumngoja baba arudi kutoka kazini. Ombeni mkiwa njiani.

Akianza kutetemeka kwa kifafa, mlazeni upande wa kushoto, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimwekee kijiko mdomoni wala kumnywesha chochote. Wengi hudhani ni pepo, wakaanza kukemea huku dakika zinakwenda. Dawa ya kukizuia ni ya sindano, salfati ya magnesiamu, na iko hospitalini. Kifafa kikikoma bado mpelekeni, maana kinarudi. Kinaweza kumpata hata baada ya kuzaa, kwa hiyo msikomeshe ziara siku mtoto anapozaliwa. Wiki ya kwanza nendeni mara nyingi kuliko kawaida.

Na moja zaidi: dawa za majani za kuharakisha uchungu. Kwa mama mwenye kovu la kupasuliwa, kizazi kinaweza kupasuka. Ulizeni kwa upole, bila kumtisha, maana mara nyingi ni mama mkwe ndiye anayezileta, na anazileta kwa upendo.

Mzee wa Kanisa, Bagira

Shalom. Nichukue la kufunga.

Kwanza, tofautisheni kumngojea Mungu na kuikalia dalili. Mama anayengoja mtoto baada ya mimba nne kuharibika anahitaji watu wa subira, watakaomtembelea mwezi wa pili kama mwezi wa nane, bila kumuuliza amemkosea nani. Damu ikitoka, subira hiyo haina kazi tena. Warumi 12:12 inatuambia tusubiri katika dhiki na tudumu katika kusali, haikusema tuchelewe.

Kuhusu mama mwenyewe kufunga: mwenye mimba anahitaji maji na chakula kila siku, na mwenye dawa za tansiyo akiruka siku mbili, tansiyo inapanda bila yeye kusikia kitu. Chumba cha maombi kina shida nyingine: mama analala chini kwenye baridi, amezungukwa na watu wasiojua kusoma hali yake, na akisema anaumwa anaambiwa avumilie, vita ni vikali. Kwa hiyo kanisa likitaka kufunga, lifunge wengine kwa ajili yake. Gawaneni siku: huyu Jumatatu, yule Jumatano. Yeye apewe kazi ya kula, kumeza dawa na kulala. Mwambieni hivyo mbele ya mumewe na mama mkwe wake, ili asionekane mvivu wa kiroho.

Kuna sala inayosikika sana kwetu: "Utazaa kama wanawake wa Kiebrania," yaani haraka, bila kisu. Maneno hayo yako Kutoka 1:19, na walioyasema ni wakunga Shifra na Pua, wakimjibu Farao ili kuokoa watoto wasiuawe. Halikuwa agano la kuzaa bila operesheni. Tukilirudia kila Jumapili, mama aliyepasuliwa anarudi nyumbani na mtoto mzima mikononi akiona aibu, kana kwamba imani yake ilishindwa. Safari inayofuata anaikwepa hospitali ili asipasuliwe tena. Ninawasihi wahubiri waiache sala hiyo. Waombe hivi: "Bwana, mpe mama na mtoto uzima, na uwape waganga wa hospitali akili na mikono thabiti."

Mkumbuke pia Eli, 1 Samweli 1. Alimwona Hana midomo inacheza, sauti haisikiki, akamhesabu mlevi. Kuhani mwenye uzoefu wa miaka, tena ndani ya hekalu, alimsoma vibaya mwanamke mwenye uchungu. Lakini Hana alipojieleza, Eli hakubishana; alimwambia aende kwa amani. Hapo kuna utaratibu wa ziara nzima: usitangulize hukumu, mwache aseme, kisha mbariki. Unabii kwamba atazaa mapacha au mtoto wa kiume uacheni. Usipotimia, mama ndiye atakayebaki na lawama, si aliyetabiri.

Mafuta na kuwekewa mikono ni haki yake, Yakobo 5:14, maana mgonjwa ndiye anayewaita wazee. Basi mngojeni aite, mwende wawili au watatu, mwanamke mmoja awemo, dakika kumi na tano zinatosha.

Ndugu katika Bwana, Nyamugo

Mzee, kwa heshima yote. Mungu anaponya, na mama aliyekata tamaa anahitaji kusikia hivyo. Tukianza kila ziara na mashine ya tansiyo, si tunawafundisha watu kwamba sala ni ya kusindikiza tu?

Shemasi wa Wamama, Ibanda

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi. Zipo huduma zilizogeuka kuwa zahanati ndogo, mama haombewi tena, anahesabiwa. Kwa hiyo ombeni kwanza, tena kwa kumtaja mama kwa jina na kumtaja mtoto. Soma Luka 1: Mariamu alikaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu, na Elisabeti alikuwa mzee mwenye mimba ya miezi sita. Biblia haituelezi muujiza wowote katika miezi hiyo mitatu. Mtu alikaa na mwenzake. Kukaa huko ni imani.

Ila jambo moja liwe sheria ya kikundi, liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari: hakuna mtu wa kanisa anayemwambia mama aache dawa, akiwa mchungaji, nabii au mwimbaji. Akipona kweli, muganga atampima na kumpunguzia dawa yeye mwenyewe, na ushuhuda utasimama vizuri zaidi. Mnayemtuma kwa wagonjwa na hawezi kukubali sheria hiyo, mpeni kazi nyingine kanisani.

Na siri, tafadhali. Ombi la sala likisomwa mbele ya kanisa kwamba "dada fulani mimba inamsumbua," kabla ya jioni limefika sokoni. Andikeni namba badala ya jina: "mama wa 4." Mungu anamjua.

Mhazini wa Mfuko, Kadutu

Nijibu la pesa, kwa kifupi kadiri niwezavyo, ingawa hapa ndipo huduma nyingi zinapofia.

Mfuko wa wamama utengwe na sadaka ya kanisa. Ukiwekwa pamoja, utakopwa kwa ajili ya mabati, na siku mama anapotoka damu hakuna kitu. Watu watatu waushike: mhazini, mwandishi, na mmoja asiye ndugu wa mchungaji. Kubalianeni mapema kiasi ambacho wawili kati yao wanaweza kukitoa usiku bila kikao. Bila kipengele hicho, mtakuwa mnapigiana simu saa nane za usiku huku mama yuko barazani. Pesa zilipwe kwa keshia wa hospitali, zisipitie kwa mume wala kwa mama, na risiti ibandikwe kwenye daftari. Mwisho wa mwezi someni jumla tu, bila majina.

Kama mnaweza, sehemu ya mfuko iingize familia kwenye mutuelle ya afya, yaani bima ya kuchangiana. Hapa Bukavu zipo, na zile za jimbo katoliki zimekuwepo miaka mingi na hazibagui madhehebu. Lakini nyingi zina kipindi cha kungoja kabla hazijaanza kulipa, na nyingine zina msimu wa kujiandikisha. Mama akijiandikisha mwezi wa nane, huenda akajifungua kabla ya kadi kufanya kazi. Basi waandikisheni wanandoa wapya, hata kabla ya mimba.

Usafiri: kila mama awe na namba mbili za wenye pikipiki na moja ya mwenye gari, watu waliokubali kutoka usiku na bei imeshasemwa. Waulizeni wazi kama watapita usiku, maana wengi hukubali mchana na kuzima simu saa mbili. Wanaoishi juu Cimpunda au sehemu ambazo gari halifiki, vijana wanne waandaliwe kwa tipoyi. Kiti cha mbao imara na miti miwili kinatosha, lakini kijaribiwe mchana, kwenye njia yenyewe. Wakati wa mvua udongo unateleza, na njia ya mkato iliyopo Agosti inaweza isiwepo Novemba. Mama mwenye kovu, au aliyewahi kushonwa fistula (tundu linalobaki kwenye njia ya uzazi na kuvujisha mkojo au choo), asingojee uchungu: ahamie kwa jamaa karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla. Aliyeshonwa fistula kwa kawaida hupangiwa kupasuliwa, kwa sababu kuzaa kwa njia ya kawaida kunaweza kufungua tena kilichoshonwa. Bukavu tuna neema ya kuwa na hospitali ya Panzi, iliyojulikana dunia nzima kwa upasuaji wa fistula tangu Daktari Mukwege alipoianzisha 1999. Mtu asizae nyumbani kilomita tano kutoka hapo.

Damu: andaeni orodha ya wanaume wa kanisa waliopimwa kundi lao, wenye afya, wenye kilo 50 kwenda juu. Mwanaume asitoe tena kabla ya miezi mitatu, mwanamke kabla ya minne. Wajawazito na wanaonyonyesha wasitoe kabisa. Damu lazima ipimwe kabla ya kutumika, kwa hiyo ikiwa operesheni imepangwa, watoaji waende siku zilizotangulia. Mama mwenye kundi la damu la rhesus hasi (kama O-) atafutiwe watu mapema zaidi kwa sababu ni wachache kwetu.

Mama wa Kikundi, Kadutu

Mungu awabariki, tumenakili yote. Bado mmoja atusaidie juu ya wasichana wasio na ndoa, waliobakwa, na mama ambaye mtoto amefia tumboni. Hapo ndipo wamama wetu wanaogopa kuingia nyumba.

Mshauri wa wenye majeraha ya moyo, Bukavu

Mama, msichana kwanza. Desturi ya makanisa mengi ni kumtoa kwaya na kumkalisha nyuma mara tumbo likionekana. Matokeo yake analificha kwa kulifunga kikwembe, anaikosa CPN miezi sita, na akiwa na miaka 15 au 16 mwili wake mwenyewe bado ni mdogo kwa kuzaa. Wazee wakitaka kuzungumza nidhamu, waingoje hadi mtoto awe na miezi kadhaa. Kwa sasa mpeni mama mmoja tu, mtu mzima asiye mmbea, amsindikize kila kipimo. Na asiulizwe baba ni nani mbele ya watu.

Aliyebakwa: kama ni jana au juzi, mwende naye hospitali leo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Kama mimba imeshaingia, msimwulize ilivyokuwa. Ataeleza akitaka, kwa anayemtaka, na huenda asieleze kamwe. Msimwambie kwamba Mungu alimpa mtoto huyo kwa kusudi. Maneno hayo akiyasema yeye siku moja, sawa. Yakitoka kwenu yanamziba mdomo. Panzi ina huduma ya pamoja kwa watu hawa, matibabu, ushauri wa moyo na msaada wa sheria mahali pamoja. Mpelekeeni habari hiyo kwa sauti ya chini, kisha mngoje. Anaweza kukataa mara tatu na kukubali ya nne.

Dalili zinazotaka haraka: halali usiku kucha, hataki kula, analia au amenyamaza kabisa zaidi ya wiki mbili, anasema watoto wangekuwa salama bila yeye. Akitamka kufa, asibaki peke yake, na siku hiyo aonwe na muganga. Kumwuliza wazi kama anafikiria kujiua hakumpi wazo hilo. Kunampa ruhusa ya kusema.

Mtoto akifa tumboni: msiseme "utapata mwingine," wala "Mungu alimpenda zaidi." Semeni "pole, mama" na mkae. Kwetu mara nyingi wababa huzika haraka mama akiwa bado kitandani, wakidhani wanamwepusha na uchungu. Mwulizeni kabla: anataka kumwona? Anataka kumpa jina? Nani amwakilishe makaburini? Akisema hapana, ni hapana, lakini aulizwe.

Kisha kuna kitu ambacho karibu hakuna anayemwambia: siku ya pili hadi ya nne baada ya kuzaa, maziwa yatakuja hata kama mtoto hayupo. Mama anaamka nguo imelowa na anavunjika upya. Mwambieni mapema. Avae sidiria inayoshika vizuri bila kumbana sana, aweke kitambaa cha maji baridi, asikamue hadi kuisha kwa sababu mwili utatengeneza mengine; akisikia maumivu makali akamue kidogo tu ya kupunguza. Ziwa likiwa jekundu na homa ikapanda, arudi kwa muganga.

Wengi watamtembelea wiki ya kwanza, na baada ya hapo nyumba inakuwa kimya. Kwenye daftari lenu andikeni siku ya arobaini, na tarehe ile aliyokuwa anatazamiwa kuzaa kama alizaa kabla ya wakati. Siku hizo mtumeni yule mama mmoja aliyemsindikiza tangu mwanzo, na chakula kilichokwisha kupikwa.